Heda ya Bei Nafuu kwa Barabara za Ruangwa na Nachingwea

Malipo ya mnada wa korosho wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI yakishaingia, baadhi ya magari ya Ruangwa na Nachingwea huanza kubadilika sauti. Mwenye Toyota Altezza au Subaru Impreza, mtumba wa Japani, anaulizia heda: yale mabomba yanayotoka kila silinda na kukutana mbele, kuchukua nafasi ya manifoldi iliyokuja na gari. Zipo ghali, na zipo za bei ya kuvutia zinazong'aa kuliko masufuria ya harusini. Fundi atakwambia gari "litapumua". Ni kweli kiasi, lakini tuanze na jinsi linavyopumua.

Moshi hautoki kwenye injini kwa utulivu. Kila valvu ya ekzosi inapofunguka, gesi huchomoka nje na wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Katika gesi yenye joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, wimbi hilo huenda karibu mita 600 kwa sekunde. Sauti katika hewa ya kawaida huenda mita 340 tu. Likifika pale mabomba yanapoungana na nafasi kupanuka, sehemu yake hugeuka na kurudi kwenye injini ikiwa mvuto badala ya msukumo. Ikiikuta valvu bado wazi kwa wakati unaofaa, hufyonza mabaki ya moshi na kuvutia hewa mpya ndani ya silinda. Faida kubwa ya heda iko hapo.

Tufanye hesabu. Bomba la sentimita 60 hulipatia wimbi safari ya mita 1.2 kwenda na kurudi, yaani milisekunde 2. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, katika muda huo krankshafti imegeuka nyuzi 72. Kwenye mizunguko 3,000, imegeuka 36 tu, na wimbi lile lile linaikuta valvu katika hali nyingine kabisa. Kwa hiyo urefu wa bomba huchagua mwendo wake: fupi hupendelea mizunguko ya juu, refu hupendelea ya chini. Sasa, kati ya Nanganga na Ruangwa, nyuma ya lori la korosho, nani anashikilia mizunguko 6,000?

Nachingwea imeshaona mashine zilizoletwa bila kuuliza ardhi. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 kwa matrekta na matumaini makubwa. Mwaka 1951 uliachwa. Heda isiyolingana na barabara yako ni kosa la aina hiyo hiyo.

Wapo wanaosema injini "inahitaji mgandamizo wa nyuma" ili iwe na nguvu. Hapana. Inachohitaji ni kasi ya gesi, na bomba nene kupita kiasi huiua kasi hiyo kwenye mizunguko ya chini. Ndiyo maana gari lililowekewa bomba kubwa hunguruma sana na kupanda mlima kwa shida. Na mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana? Unatokana na mabomba yasiyolingana urefu, mapigo ya moshi yakifika kwa kupishana vibaya. Ukinunua heda zenye mabomba yaliyolingana, mngurumo huo unapungua. Umelipia nguvu, ukapoteza muziki.

Dukani, usitazame mng'aro. Ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba upapase kwa ndani: mshono uliovimba kuelekea ndani ni kizuizi cha moshi. Weka rula juu ya flanji; nyembamba iliyopinda haitabana gasketi. Chukua sumaku. Ikinasa kwa nguvu, hiyo si stenlesi ya 304 unayoambiwa. Lakini 304 nayo ina tabia yake: sentimita 60 zikipata joto la nyuzi 600 hurefuka kwa takriban milimita 6, zaidi ya chuma cha kawaida, na mshono uliochomelewa kwa haraka ndio unaopasuka kwanza.

Ufa mdogo una gharama kubwa. Kati ya mapigo, hewa ya nje huingia kupitia ufa, sensa ya oksijeni inaiona na kuiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache. Kompyuta inaongeza petroli. Uliyetaka nguvu unaanza kulalamika gari linakula mafuta.

Injini ya boksa ya Subaru ina tatizo la ziada: matundu ya ekzosi yanatazama chini, hivyo heda zinapita chini kabisa ya injini, mahali ambapo jiwe la barabara ya vumbi linazifikia kwanza. Bomba likibonyea, hesabu yote ya urefu haina maana. Na wakati wa kiangazi, usiegeshe gari lililotoka safari juu ya nyasi kavu kwenye shamba la mikorosho. Bomba la moto linatosha kuziwasha.

Kama manifoldi ya kiwandani haijapasuka, iache, na fedha hiyo weka kwenye plagi, kichujio cha hewa na matairi. Ikipasuka, tafuta ya kiwandani iliyotumika lakini nzima kabla ya kununua heda mpya ya bei nafuu. Ukiamua heda lazima, nunua yenye flanji nene na mabomba marefu, na umtake fundi akague uvujaji injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto.