Chombo Gani Kinawafaa Watoto Wetu Darasani?



Familia zinapokimbia vita, masomo hukatika. Mtoto aliyehama mara mbili au tatu anaweza kufika miaka 12 bila kujua kusoma. Akiketishwa na watoto wa miaka 6 ataona haya, ataacha shule, na makundi yenye silaha hayachelewi kumshawishi. Ndiyo maana sisi tunaoshughulikia amani tunasema: anayewaletea redio au tableti kwa ajili ya darasa, mshukuruni, kisha muulize mambo manne.

1. Ni cha umri gani? Wadogo hujifunza kwa kuimba, kuhesabu mawe na kusikia hadithi kwa lugha wanayoielewa. Redio inawafaa, mradi mwalimu awepo. Huko Nicaragua, tangu 1974, hesabu zilifundishwa hivyo: redio inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa pamoja. Wakubwa waliochelewa, ambao katika vituo vya kufidia masomo husoma miaka 6 ya shule ya msingi kwa miaka 3, hufaidika zaidi na tableti, maana kila mmoja huendelea kwa kasi yake.

2. Je, somo linaweza kumngoja mtoto? Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilirusha vipindi vya masomo vya Okapi École. Redio hufika mbali bila intaneti. Lakini mtoto aliyekwenda kuteka maji saa ya kipindi hulikosa somo. Likiwekwa kwenye kadi ya memori, atalisikiliza jioni, tena na tena.

3. Nani atakitunza? Ulizeni habari za umeme wa jua, betri, sanduku lenye kufuli na fundi wa karibu. Mradi wa UNHCR na Vodafone Foundation, ulioanza 2013, hauleti tableti peke yake: huja pamoja na umeme, mtandao na mafunzo ya walimu. Tableti isiyo na hayo, baada ya muda mfupi, ni kioo tu.

4. Nani atakitumia? Kikiwa cha wahamishwa peke yao, watoto wa wenyeji, ambao nao hawana vitabu, watachungulia dirishani. Chuki huanzia hapo. Tunashauri kamati moja ya wenyeji na wahamishwa, akina mama wakiwemo, na ratiba ibandikwe ukutani ili wasichana nao wapate zamu yao.

Kabla ya kupokea chombo chochote, kaeni na mwalimu. Andikeni umri wa kila mtoto, lugha anayoielewa na saa anazokuwa huru. Karatasi hiyo ndiyo mtakayomwonyesha mfadhili, ili alete kinachowafaa watoto, si kile alicho nacho tu.