Usingizi, Ndoto na Uzima: Mafunzo ya Jamaa kwa Wanasaikolojia wa Lubumbashi

Mtafiti wa saikolojia anayechunguza usingizi aghalabu huanza na hojaji. Mojawapo ya zile zilizoenea sana ilitungwa Pittsburgh, Marekani, ikachapishwa mwaka 1989. Ina vipengele 19 vinavyohusu mwezi uliopita, na jumla ya alama inayozidi 5 kati ya 21 huhesabiwa kuwa dalili ya usingizi mbaya. Humo ndoto hutajwa mahali pamoja tu, tena kama kero: ndoto mbaya zimepangwa pamoja na kikohozi, baridi, joto na maumivu. Aliyeota vyema haulizwi kitu.

Katika jiji la Lubumbashi pengo hilo si dogo. Miaka ya 1950, wachimba madini wa Union Minière du Haut-Katanga na wake zao walianza kukusanyika katika kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa. Mwanzilishi wake alikuwa Placide Tempels, mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichochapishwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Watu waliingia Jamaa wawili wawili, mume na mke, wakaitwa baba na mama. Mafundisho yao yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga. Ndoto zilikuwa na nafasi yake katika safari hiyo. Aliyekuwa akiingizwa aliwasimulia waliomtangulia yale aliyoyaota, nao wakayapima, kwani ndoto iliweza kuwa dalili kwamba makutano ya kweli yamefanyika. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwisha kuandika juu ya nadharia hizo za ndoto mwaka 1966, kisha akatoa kitabu kizima juu ya Jamaa mwaka 1971.

Mhimili wa mafundisho yenyewe ulikuwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. (Msomaji wa pwani angetarajia mapenzi, Katanga husema mapendo.) Neno uzima linastahili kutazamwa kwa makini. Mzima ni aliye hai, ni asiye mgonjwa, ni asiyepungukiwa na kitu, tena ni aliyekomaa. Dhana ya kitaalamu ambayo leo hutafsiriwa kuwa "ustawi" haifikii upana huo. Aidha, katika Jamaa uzima haukuwa mali ya mtu mmoja, kwa kuwa ulihusishwa na kuzaa na kupendana.

Hapa ndipo tafsiri ya hojaji inapokwama. Kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani, cha mwaka 1998, kina kauli tano, na mojawapo yahusu kuamka mtu akiwa mchangamfu na aliyepumzika. Ikigeuzwa ovyo kuwa swali, itafanana na salamu: "Umeamkaje?" Na salamu ina jibu lake. Hata aliyekesha hujibu "salama", bila kusema uongo, kwa maana ametimiza adabu. Vivyo hivyo na kipimo cha Connor na Davidson cha mwaka 2003, chenye vipengele 25 juu ya uwezo wa mtu kuinuka tena baada ya kupatwa na mazito. Uwezo huo mara nyingi huitwa "ustahimilivu". Lakini kustahimili ni kubeba, na mtu aweza kubeba miaka mingi asiinuke.

Haifuati kwamba ndoto za Jamaa ni ushahidi safi kuliko alama za hojaji. Anayesimulia ndoto mbele ya baba na mama anajua ni ndoto ya namna gani inayongojewa, na huenda akaipamba, pengine bila kujitambua. Ndoto iliyosimuliwa si ile iliyootwa. Lakini masimulizi hayo humwonyesha mtafiti usingizi unaohesabiwa kuwa na maana kwa wenyewe, na nani anayestahili kuusikia. Mtafiti wa Lubumbashi angeweza kuongeza swali moja lililo wazi baada ya vile vipengele 19: umeota nini, na umemwambia nani? Sehemu ya pili ya swali hilo haina alama ya kujumlishwa, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na uzima.