Ndege mwenye kuonyesha asali: nani alimufundisha?

Bandugu wasomi, mutu aliyekomalia mu kijiji cha Katanga anamujua huyu ndege. Ni mudogo, karibu gramu 50, rangi ya majivu na kahawia, unaweza kumupita bila kumuona. Lakini yeye amekuona. Anakuja karibu, anapiga kelele, anaruka muti kwa muti, anakungojea, mupaka kwenye nyuki. Wewe unatia moshi, unapasua muti, unabeba asali. Yeye anabakia na nta. Ndiyo, nta: tumbo lake linaisaga. Ku Sofala, Msumbiji, padri Mureno João dos Santos aliandika, zaidi ya miaka 400 iliyopita, namna hawa ndege walikuwa wanaingia kanisani kula mishumaa.

Sisi watu wa diploma tulichelewa. Ni mu 1989 ndipo watafiti walitoa hesabu, kwa Waborana wa Kenya: mu pori lisilojulikana, kutafuta nyuki bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9; pamoja na ndege, saa 3.2.

Sasa, nani alimufundisha? Si mama yake. Yule anataga yai mu shimo la ndege mwingine, kisha anaenda zake. Kitoto kinazaliwa kipofu, bila manyoya, na ndoano mbili kwenye ncha ya mdomo. Mu giza lile kinauma watoto wa mwenye nyumba mupaka wanakufa. Na wazazi wa wale waliokufa njo wanakilisha!

Kwa hiyo, kazi ya kuongoza inaonekana anazaliwa nayo. Lakini sauti ya watu wa kwake, ile anajifunza. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanamuita kwa «brrr-hm». Utafiti wa 2016 ulionyesha wito huo unapandisha bahati ya kupata nyuki kutoka 16% mupaka 54%. Wahadza wa Tanzania wanapiga mluzi. Mu 2023 ikaonekana ndege wa kila upande anaitika zaidi wito wa wenyeji wake.

Kuzunguka Lubumbashi, miombo inaisha juu ya makala, pamoja na mashimo ya nyuki. Na kijana ananunua sukari dukani, haiti tena mutu yeyote porini. Basi ndege mudogo atajifunza wito wa nani? Kama mujomba wako bado anaujua, likizo hii murekodi mu telefone.