Katuni si Utanzu: Mchapishaji na Aina za Hadithi za Picha

Utangulizi

Katika uainishaji wa fasihi tuliouzoea, katuni hutengewa nafasi finyu mno. Aghalabu hutajwa mwishoni mwa mada ya fasihi ya watoto, au hubandikwa chini ya vichekesho, kisha mjadala ukaendelea na riwaya. Makala haya yanashikilia kwamba uainishaji huo una kasoro ya kimsingi. Katuni si utanzu. Ni njia ya kusimulia kwa michoro inayofuatana ikisaidiwa na maneno, na njia hiyo yaweza kubeba tanzu nyingi: mapenzi, upelelezi, visasili, vitisho, wasifu, hata tahakiki ya siasa. Kinachoamua ni tanzu zipi zitakazomfikia msomaji si uwezo wa michoro, wala si kipawa cha mchoraji peke yake. Ni mchapishaji: anamuuzia nani, kwa njia gani, na nani hasa anayelipa gharama.

Istilahi nayo imechangia utata huu. Neno katuni limebebeshwa mzigo mzito. Ni mchoro mmoja wa kisiasa katika ukurasa wa maoni. Ni visanduku vitatu au vinne vya utani vilivyo ndani ya gazeti. Ni kitabu kizima chenye msuko na wahusika wanaokua. Na kwa wengi ni filamu za michoro za televisheni pia. Wapo wanaotumia kibonzo, ila nalo halina mpaka ulio wazi zaidi. Katika miaka ya 1980 Terry Hirst alipotoa jijini Nairobi mfululizo wa masimulizi ya jadi kwa michoro kupitia kampuni ya Kul Graphics, aliuita Pichadithi. Huo ni uhulutishaji wa picha na hadithi, na ni mzuri kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa na kamati. Ni hasara kwamba neno hilo lilibaki kuwa jina la mfululizo mmoja. Hapa tutasema katuni, au hadithi za picha, tukimaanisha mifululizo na vitabu, wala si ule mchoro mmoja wa mhariri.

Funzo la Marekani

Ili kuona nguvu ya mchapishaji, inafaa tuanzie mahali ambapo biashara hii ilikuwa kubwa na kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Nchini Marekani, Superman alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, na tangu hapo msomaji wa nje amezoea kudhani kwamba katuni za nchi hiyo ni mashujaa warukao angani na basi. Hali haikuwa hivyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mashujaa hao walipungua sana madukani. Mwaka wa 1947 Joe Simon na Jack Kirby walianzisha Young Romance, mfululizo wa mapenzi uliowalenga wasomaji waliokwisha kuvuka utoto, na ukazaa waigaji wengi. Crime Does Not Pay ulikuwa umeanza kusimulia maisha ya wahalifu tangu 1942. Archie alikuwa na ujana wake wa shuleni tangu 1941. Kampuni ya Dell iliuza hadithi za wanyama wa Walt Disney kwa mamilioni ya nakala. Gilberton nayo, kupitia Classics Illustrated, iligeuza riwaya na tamthilia mashuhuri kuwa michoro. Mwaka wa 1950 ilitoa Julius Caesar, tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili miaka 13 baadaye. Yote haya yaliuzwa kwenye vibanda vile vile vya magazeti, mengi yake kwa senti 10.

Kampuni iitwayo EC, chini ya William Gaines, ndiyo iliyofika mbali zaidi. Kuanzia 1950 ilichapisha vitisho katika Tales from the Crypt, hadithi za kisayansi katika Weird Fantasy, vita, uhalifu, na mwaka wa 1952 dhihaka katika Mad. Kampuni moja, wachoraji karibu wale wale, tanzu tano au zaidi. Lau katuni ingekuwa utanzu, jambo hilo lisingewezekana.

Kisha ukaja mwaka wa 1954. Daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni huwapotosha watoto, na kamati ndogo ya Seneti ikawahoji wachapishaji hadharani. Kwa kuhofia sheria ya serikali, wachapishaji wenyewe waliunda chombo cha udhibiti na kanuni zake. Neno la Kiingereza lenye maana ya vitisho halikuruhusiwa tena katika anwani ya mfululizo. Mizimu inayonyonya damu na maiti wanaotembea walipigwa marufuku. Polisi na mahakimu hawakupaswa kuonyeshwa kwa namna ya kuwavunjia heshima, na wema ulilazimika kuushinda uovu katika kila hadithi. Mhakiki yeyote wa fasihi ataona mara moja kilichotokea hapo: msuko na hitimisho viliwekewa sharti kabla mwandishi hajashika kalamu.

Kanuni hizo hazikuwa sheria ya nchi. Nguvu yake ilitoka kwa wasambazaji, ambao hawakutaka kubeba katuni isiyo na muhuri wa chombo hicho. Ndiyo maana Dell, iliyokuwa na soko imara na jina safi, iliweza kukataa kujiunga na isidhurike, ilhali EC ilikosa pa kuuzia. Mad ilinusurika kwa kugeuzwa jarida mwaka wa 1955, kwa kuwa majarida hayakuguswa na kanuni.

Kisa kimoja kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka wa 1953 EC ilichapisha hadithi fupi iitwayo "Judgment Day", iliyochorwa na Joe Orlando. Mjumbe kutoka duniani anaitembelea sayari ya mashine-watu ili kuamua kama inastahili kujiunga na umoja wa sayari zilizoendelea. Anakuta mashine za rangi ya machungwa zikiishi kwa raha na za buluu zikitengwa, ingawa ndani zimeundwa kwa vipuri vile vile. Anakataa ombi lao. Katika kisanduku cha mwisho, akiwa amerudi chomboni mwake, anavua kofia ya safari, na ndipo msomaji anapoona kwamba ni mtu mweusi, jasho likimeta usoni. Hakuna neno linalolieleza jambo hilo. Mchoro peke yake ndio unaokamilisha kejeli. Gaines alipotaka kuichapisha tena mwaka wa 1956, msimamizi wa kanuni aliagiza mjumbe huyo asiwe mweusi. Gaines alikataa, akatishia kulianika suala hilo hadharani, na hadithi ikatoka ilivyokuwa. Hicho kilikuwa kitabu cha mwisho cha katuni cha EC. Mashujaa warukao ndio waliorejea kwa kishindo miaka michache baadaye, na dhana kwamba katuni ni wao tu ikaota mizizi. Kampuni za mwisho zilizokuwa zikitumia muhuri huo ziliuacha mwaka wa 2011.

Kwetu

Afrika Mashariki haikuwa na chombo cha muhuri. Hata hivyo, hoja yetu inathibitika hapa kwa njia nyingine, kwani kila aina ya mchapishaji imezaa aina yake ya hadithi.

Tuanze na gazeti. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru la Tanzania, waliishi ndani ya nafasi ndogo iliyobanwa na habari na matangazo. Nafasi hiyo hudai kianzio, mgogoro na kichekesho kwa visanduku vichache, na kesho mambo huanza upya. Mhusika hazeeki wala hajifunzi. Hapo ndipo ilipotoka imani kwamba katuni ni kichekesho, ingawa ukweli ni kwamba aliyetaka kichekesho ni mhariri wa gazeti. Majina nayo yana utajiri wake. Juha ni mpumbavu, na katika masimulizi ya Waarabu ni mpumbavu mwenye hekima iliyofichika. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, Kichewa ikiwamo. Ujinga na ujanja vimekaa katika jina moja.

Jarida lina nafasi zaidi. Sani, lililotamba jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1980, lilichanganya visa vya michoro na hadithi za maandishi, na wahusika wake wakawa watu wa mtaani waliojulikana kwa majina: Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge. Mwanafunzi wa mbinu ya majazi hana haja ya kwenda mbali. Lodilofa ni lodi, yaani bwana mkubwa wa Kiingereza, aliyeunganishwa na lofa, mtu asiye na kazi wala senti. Maisha ya mjini yamesemwa kwa neno moja. Nchini Kenya, jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka wa 1973 na kufungwa 1979, lilifanya kazi iliyokaribiana na hiyo, ila kwa Kiingereza.

Kitabu ni jambo jingine kabisa. Mwaka wa 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilijitosa kuchapisha vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Abunuwasi alichorwa na Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye tayari alikuwa akifahamika kwa michoro yake ya kisiasa katika Daily Nation. Mkasa wa Shujaa Liyongo nao ulikirejesha kisakale ambacho wengi wetu tumekisoma kupitia utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913. Huu ulikuwa ujasiri, kwa sababu kitabu cha michoro ni ghali kukitayarisha. Ukurasa mmoja wa riwaya huhitaji mwandishi na mpangaji chapa. Ukurasa mmoja wa katuni huhitaji mswada, michoro ya penseli, wino, maandishi ya viputo na pengine rangi. Gharama hiyo Mmarekani aliigawa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Mchapishaji wa Nairobi ana soko moja la kutegemea, nalo ni shule, na shule hupenda ngano, mashujaa wa jadi na wasifu.

Hapa ndipo pengo linapojitokeza. Msomaji wa Kiswahili hajawahi kukosa hamu ya upelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walisomwa kwa pupa Tanzania na Kenya, na kabla yao vijana waliyagombea magazeti ya Lance Spearman yaliyosimuliwa kwa picha za kamera. Hamu ipo, waandishi wapo, wachoraji wapo. Hata hivyo, rafu ya vitabu vya katuni vya upelelezi kwa Kiswahili ni karibu tupu. Mhakiki anayelieleza pengo hilo kwa kusema kwamba katuni hazifai kwa masuala mazito anageuza tatizo la biashara kuwa sifa ya sanaa.

Mchapishaji wa nne alikuja mwaka wa 2010, Well Told Story ilipoanzisha Shujaaz jijini Nairobi. Katuni hii ilitolewa bure, ikiwamo ndani ya gazeti la Jumamosi, kwa fedha za wafadhili wa maendeleo. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na ajira anayeendesha redio ya siri kutoka nyumbani. Mwaka wa 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kwa kuwa asiyelipa ni msomaji, hadithi huja na ujumbe uliokwisha kukubaliwa: kilimo, fedha, afya ya vijana. Tunaweza kuiita fasihi ya mafunzo bila kuidharau, maana michoro yake ni hodari na wahusika wana uhai.

Lililo gumu zaidi ni lugha yake. Toleo la Kenya limeandikwa kwa Sheng. Mfululizo ulipovuka mpaka kuingia Tanzania mwaka wa 2015, Sheng haikuweza kuvuka nao, na ikabidi vijana wa huko waandikiwe kwa Kiswahili cha mitaa yao. Tuna basi kazi moja yenye lahaja mbili za vijana, iliyoenezwa kwa wingi ambao riwaya zetu nyingi hazijaufikia, na ambayo mtafiti wa isimujamii angeweza kuilinganisha kisanduku kwa kisanduku akipata matoleo yote mawili. Kuyapata ndiko kwenye kazi, kwa sababu kinachogawiwa bure husomwa, hupitishwa mkono kwa mkono, kisha hufungiwa maandazi.