Mwanafunzi wa Bukavu huko Lille ajiuliza: kazi ya uandishi wa habari itamlisha nani?

Kijana mmoja wa Bukavu, mwenye umri wa miaka 26, yuko katika mwaka wa mwisho wa masomo ya uandishi wa habari mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Mtihani haumsumbui sana. Kinachomnyima usingizi ni kazi atakayofanya baadaye, na mahali atakapoifanyia.

Lille ni mji wenye historia katika kazi hiyo. Shule ya uandishi ya ESJ iko huko tangu 1924, na gazeti La Voix du Nord lilizaliwa humo kwa siri mwaka wa 1941, Wajerumani wakiwa wamekalia mji. Lakini gazeti hilo hilo lilitangaza mwezi wa kwanza 2017 kwamba linafuta nafasi za kazi 178 kati ya 710. Wanunuzi wa karatasi wamepungua, matangazo ya biashara yamehamia Google na Facebook. Na tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa 11 mwaka wa 2022, darasani kunazungumzwa mashine inayoandika habari fupi ya mpira kabla mwandishi hajakaa kwenye kiti.

Wenzake Wafaransa wanaogopa. Yeye anauelewa woga wao, lakini anawakumbusha kwamba kwao matangazo hayakuwahi kumshibisha mwandishi. Kabla ya kusafiri alifanya miaka miwili katika redio moja ya jamii bila mshahara wa kudumu. Kama wengi Kongo, aliishi kwa "coupage", ile bahasha inayotolewa na mwenye kuitisha mkutano ili habari yake ipite. Anayelipa ndiye anayechagua maneno. Kila mtu analijua hilo, wachache wanalisema hewani.

Redio zisizotegemea bahasha zilitegemea wafadhili wa nje, na mlango huo nao umebanwa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake. Mwezi wa tatu, Sauti ya Amerika ikanyamazishwa, na watu waliozoea kuisikiliza kwa Kiswahili wakabaki wakitafuta stesheni nyingine.

Kisha kuna usalama, jambo ambalo wenzake wa Lille wanalisoma tu vitabuni. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, wote wawili wa Radio Okapi, waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja tarehe 13 Juni 2007, mwingine tarehe 21 Novemba 2008. Yeye alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria huko Kinshasa, alionya kwamba anayesambaza habari za M23 anaweza kupata adhabu ya kifo. Mwandishi akisema "waasi" ana matatizo upande mmoja, akisema "viongozi" anayapata upande mwingine.

Hata hivyo, juma lile la Februari ndilo lililomfanya asiiache kazi. Simu yake ilijaa video za WhatsApp kutoka kwa Wakongo wa Lille, kila mmoja akiuliza kama ni kweli. Moja ilidaiwa kuonyesha miili huko Nguba. Aliitazama mara tatu: milima haikuwa ile, na ziwa halikuonekana popote. Akampigia dada yake wa Kadutu, dada akamuuliza jirani mwenye ndugu Nguba. Ilikuwa video ya mahali pengine. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, na hakuna aliyemlipa.

Anaamini mashine haiwezi kumpigia dada wa Kadutu. Swali lake ni nani atalipa hiyo saa nzima, na hapo hajapata jibu, wala walimu wake.

Mama yake anamtaka abaki Ulaya, hata kwa kazi ya kuosha vyombo. Redio yake ya zamani imemwambia kiti chake kipo, mshahara hapana. Kibali chake cha kukaa Ufaransa kinaisha mwezi wa kumi.