Pikipiki Iliyonunuliwa Mbali: Jinsi ya Kuiandikisha kwa Jina Lako

Watu wengi wa kwetu Uluguru hudhani kwamba mtu akiisha kulipa fedha na kukabidhiwa ufunguo, pikipiki imekwisha kuwa yake. Sivyo. Fedha humpa mtu pikipiki ya kuendesha. Jina lake katika daftari la Serikali ndilo limpalo pikipiki ya kumiliki. Kati ya mambo hayo mawili mna safari fupi ya ofisini, na wengi huiacha, hasa walionunua mbali na nyumbani. Nami nimeona yafaa niieleze safari hiyo katika gazeti letu, maana wazazi wetu wa Mgeta, Kinole na Matombo siku hizi huteremsha mazao yao kwa pikipiki, na sisi wanafunzi ndio tuitwao kuwasomea karatasi.

Kwanza tulijue daftari lenyewe. Katika Tanzania Bara pikipiki na magari ya watu huandikishwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Daftari ni moja kwa mikoa yote. Kibao cha pikipiki huwa na herufi MC, tarakimu tatu, na herufi tatu nyingine, wala hakitaji mkoa. Kwa hiyo pikipiki iliyonunuliwa Dar es Salaam au Mwanza ikiletwa Morogoro haibadilishwi namba. Kinachobadilishwa ni jina la mwenyewe. Si kila nchi iko hivyo. Huko Marekani kila jimbo lina daftari lake na hati zake, na mtu anunuaye pikipiki katika jimbo jingine hana budi kuiandikisha upya kwao. Kwetu sisi jambo linalofanana na hilo liko Visiwani: Zanzibar ina daftari lake, na namba zake huanza na herufi Z. Na pikipiki ya Kenya, ambayo namba yake huanza na KM, yatoka nchi nyingine, hivyo lazima ipite forodha. Atakaye kununua mojawapo ya hizo aende TRA kuuliza kabla hajatoa hata shilingi moja.

Likizo ya Desemba mjomba wangu, ambaye hulima kabichi na viazi kule Nyandira, alinichukua kwenda naye Dar es Salaam kununua pikipiki iliyokwisha tumika, ya cc 125. Fedha yake ilikuwa mapato ya misimu miwili, wala hapakuwa na nafasi ya kubahatisha. Nitaeleza hatua tulizozifuata, moja baada ya moja.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha kadi na chombo. Kadi ya pikipiki huonyesha jina la mwenyewe, namba ya kibao, aina, rangi, ukubwa wa injini, namba ya chesisi na namba ya injini. Namba ya chesisi hupigwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ya injini hupigwa ubavuni mwa injini. Kwa pikipiki za siku hizi namba ya chesisi huwa na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q, kwa sababu zaweza kudhaniwa kuwa tarakimu. Hata herufi za mwanzo zina maana: L ni ya China, J ni ya Japani, na Boxer iliyotengenezwa India huanza na MD2. Tulifuta vumbi kwa kitambaa, mimi nikasoma kwa sauti, naye mjomba akafuata kwa kidole juu ya kadi. Mahali palipokwaruzwa kwa tupa, au namba zilizokwenda upande, ni alama ya hatari.

Hatua ya pili ni kulinganisha kadi na mtu. Pikipiki ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa nzuri na bei yake ndogo, lakini jina la kwenye kadi halikuwa la muuzaji. Alipoulizwa, alisema mwenye jina yuko safarini. Mjomba akamjibu, "Basi ndugu yangu, nasi tutamngoja arudi," tukaondoka. Alifanya vema. Pikipiki nyingi za bodaboda huendeshwa kwa mkataba: kijana humlipa tajiri wake kila siku au kila juma mpaka deni liishe, ndipo apewe kadi. Kijana wa namna hiyo akiiuza kabla ya kumaliza deni, auza kitu kisicho chake, na mnunuzi ndiye atakayelia. Vivyo hivyo pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo wa benki au wa kampuni: deni lazima liishe kwanza. Na ikiwa mwenye jina amekwisha kufariki, muuzaji awe na barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Kwetu Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mpwa aweza kuona kwamba mali ya mjomba wake ni yake; lakini ofisi haitazami ukoo, hutazama karatasi ya mahakama. Kama kadi imepotea, mwenyewe apate taarifa ya polisi ya kupotelewa, kisha aombe kadi nyingine. Hiyo ni kazi ya muuzaji, si ya mnunuzi.

Hatua ya tatu ni kutazama madeni. Polisi wa usalama barabarani huandika faini kwa namba ya chombo, na zisizolipwa huonekana katika mtandao wao. Julai 2021 faini ya kosa la pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Lakini faini ndogo zikirundikana huwa mzigo mkubwa. Muuzaji azilipe kabla ya kupokea fedha.

Hatua ya nne ni mkataba wa mauziano. Uandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya wakili, uwe na bei, namba ya kibao, ya chesisi na ya injini. Uandikwe pia tarehe na saa ya kukabidhiana. Mtu aweza kudhani saa ni jambo dogo, lakini pikipiki ikiwa ilimgonga mtu asubuhi nawe umeikabidhiwa jioni, saa hiyo ndiyo shahidi wako.

Hatua ya tano ni kuhamisha jina TRA. Huhitajiwa mkataba, kadi ya asili, vitambulisho na picha za muuzaji na mnunuzi, pamoja na namba ya mlipakodi ya kila mmoja, ambayo watu wote huiita TIN. Asiye na TIN huipata bila malipo, ila awe na namba ya kitambulisho cha Taifa. Kuna ada ya kuhamisha, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1 ya thamani. Kwa mfano, pikipiki ya shilingi 1,500,000 ushuru wake ni shilingi 15,000. Ada hubadilika mara kwa mara katika bajeti, hivyo heri kuuliza za mwaka huo. Malipo hufanywa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, wala si mkononi mwa mtu aliyesimama mlangoni. Daftari likiwa moja, ofisi ya Morogoro mjini yaweza kuishughulikia pikipiki iliyonunuliwa Dar es Salaam. Lakini ni vyema kupata karatasi zote za muuzaji kabla ya kuagana naye, maana kumtafuta baadaye kuna gharama ya nauli na pengine simu yake haipatikani.

Mwisho ni bima. Bima ndogo, inayowalinda watu wengine barabarani, ni lazima kwa sheria. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo apate pia leseni ya usafirishaji, na kila mwendeshaji awe na leseni ya udereva ya pikipiki. Ada ya mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa katika bei ya mafuta. Mtu asidanganywe kuilipa.

Wako wasemao, "Huku milimani nani ataniuliza kadi?" Lakini kabichi hailiwi yote Nyandira. Lazima iteremke mpaka Sangasanga, iingie barabara kuu ya Iringa, ndipo ifike Morogoro. Na hatari kubwa si askari. Pikipiki ikiibwa na kupatikana, polisi watamtafuta aliyeandikwa. Ikimjeruhi mtoto kwenye mteremko, wazazi wake watamdai aliyeandikwa. Sheria humhesabu huyo kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo muuzaji asiyehamisha jina hulala na mzigo usio wake, na mnunuzi hulala na mali isiyo yake.

Basi, likizo ijayo kila mwanafunzi ambaye kwao kuna pikipiki aiombe kadi kwa adabu, asome jina lililoandikwa. Likiwa la mtu asiyejulikana pale nyumbani, awaeleze wazazi hatua hizi, na kazi ianze wakati muuzaji angali hai na simu yake ingali ikipatikana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu