Kumiliki na Kupewa Leseni: Matumizi Katika Michezo ya Video

Kitenzi *miliki*, chenye asili ya Kiarabu, humaanisha kuwa na mamlaka juu ya kitu. Aliyenunua diski ya mchezo wa video mjini Morogoro anaimiliki diski hiyo: aweza kuiuza, kuiazimisha au kuirithisha. Anayepakua mchezo uleule mtandaoni kwa kawaida hupewa *leseni*, yaani idhini ya kuutumia, ambayo mtoaji aweza kuifuta. Ndiyo maana sheria ya jimbo la California, Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inamzuia muuzaji kutumia neno “nunua” kwa bidhaa kama hizo bila kumfahamisha mteja kwamba anapata leseni tu.

Waluguru wa Milima ya Uluguru wana tofauti kama hiyo katika ardhi: kimila, shamba ni la ukoo wa upande wa mama, mkulima hulitumia, lakini si lake kuliuza.

*Hakimiliki* ni jambo jingine: hubaki kwa mwenye kazi, hata diski iuzwe.

Mfano: “Amepata leseni ya kuucheza mchezo,” si “Anaumiliki mchezo.”